Hesabu ya Mitajo si Mizani ya Elimu

Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki umekwisha kuota mizizi mtindo wa kumpima mwanachuoni kwa hesabu mbili: hesabu ya makala alizochapisha, na hesabu ya mitajo, yaani mara ambazo waandishi wengine wamezitaja makala hizo katika maandishi yao. Hesabu hizi hukusanywa na mashine, hupangwa katika ukurasa mmoja pamoja na jina na picha ya mwenyewe, kisha huwekwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, mbele ya mfadhili, na mbele ya mwanafunzi atafutaye msimamizi. Autazamaye ukurasa huo huona mengi kwa mara moja, lakini haoni kile ambacho mwanachuoni yule amekigundua, wala hajui kama ni kweli. Insha hii inaupinga mtindo huo. Hesabu na iwepo, maana ina manufaa yake. Linalopingwa ni kuikalisha katika kiti cha hakimu.

Hoja hii ingeweza kuelezwa kwa mifano ya taaluma yoyote, walakini hudhihirika zaidi pale zinapokutana taaluma mbili zenye desturi mbalimbali: utabibu wa maradhi ya akili na elimu ya kompyuta. Siku hizi wako wanachuoni wafanyao kazi katika mpaka wa taaluma hizo. Hukusanya maneno ya wagonjwa, sauti zao, na majibu yao kwa maswali ya daktari, wakaifunza kompyuta kutambua dalili za ugonjwa kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali. Kazi hii ni njema, nayo ina haja kubwa katika nchi ambazo madaktari wa maradhi ya akili ni wachache. Basi yafaa iulizwe: mtu wa kazi kama hiyo apimwe kwa nini? Na swali hilo liulizwe mahali hasa, si hewani. Mahali pafaapo ni Bujora, katika Kisesa, mwendo wa kilomita 20 hivi mashariki ya mji wa Mwanza, kando ya njia kuu iendayo Musoma. Watu wa eneo hilo wamechunguzwa, wameandikwa na kuhesabiwa na wataalamu kwa muda mrefu, nao wenyewe wanayo mizani yao ya zamani ya kupimia sifa.

Kwanza ijulikane hesabu ya mitajo ilikotoka. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science kupendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala ya sayansi imetajwa na makala zipi zilizofuata. Mwaka 1964 faharasa hiyo ikaanza kutolewa rasmi. Shabaha yake ya awali ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta: akikutana na makala ya zamani, aweze kujua ni nani baadaye aliyeiunga mkono, aliyeisahihisha au aliyeikanusha. Kilikuwa chombo cha maktaba. Kutoka hapo chombo kikahama, kikaenda ofisi ya utawala. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, akapendekeza kipimo kiitwacho h, ambacho humfupisha mwanachuoni kuwa tarakimu moja: mwenye makala 12 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 12 ana kipimo cha 12, na mwenye 40 kwa namna hiyo hiyo ana kipimo cha 40. Haukupita muda mrefu, wanasayansi wenyewe wakaona hatari ya vipimo vya aina hii. Mwaka 2012 wahariri na watafiti waliokutana San Francisco waliandaa azimio, lililotangazwa 2013, wakisihi kwamba kipimo cha umaarufu wa jarida kisitumiwe badala ya kuipima kazi ya mtafiti mwenyewe. Azimio lile limetiwa sahihi na wengi, na mtindo umeendelea vilevile. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania nayo ilitangaza zawadi za fedha kwa watafiti watakaochapisha katika majarida ya juu ya kimataifa. Nia ya zawadi hiyo ni njema, lakini mizani yake ni ile ile.

Kosa la kwanza la mizani hii ni kuchanganya vipimo. Mfanyabiashara katika soko la Kisesa huuza mahindi kwa debe, nyama kwa kilo na kitenge kwa doti. Kama angetokea karani akajumlisha madebe, makilo na madoti, kisha akatangaza kwamba mfanyabiashara huyo ana 70, sokoni pangekuwa kicheko. Hata hivyo ndivyo anavyotendewa mwanachuoni aliyesimama kati ya utabibu wa akili na kompyuta. Katika elimu ya kompyuta, kazi nyingi huchapishwa katika vitabu vya mikutano, hutoka katika muda wa miezi, na hutajwa upesi kabla hazijachakaa. Katika utabibu wa akili, mtafiti huomba kibali cha maadili, hutafuta ridhaa ya mgonjwa na jamaa zake, humfuata mgonjwa huyo mwaka baada ya mwaka, na mwisho wake hutoa makala moja. Mtu afanyaye kazi zote mbili huona, pasipo kuambiwa na mtu, upande upi unaomlipa. Miezi 6 mbele ya kompyuta yaweza kuzaa makala 4. Miezi 6 katika zahanati ya kijiji yaweza kuzaa daftari lililojaa maswali ambayo bado hayajapata jibu. Kamati isomayo jumla peke yake haitajua kwamba daftari lile ndilo lililokuwa na uzito.

Kosa la pili ni kudhani kwamba wingi wa mitajo ni ushahidi wa ubora. Juu ya jambo hili Wasukuma wana maarifa ambayo vyuo vikuu vingepaswa kuyasikiliza. Katika sikukuu ya Bulabo, ifanyikayo Bujora kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi, aghalabu katika mwezi wa Juni, hushindana vyama vya ngoma vya pande mbili za zamani, Bagika na Bagalu. Pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kuuendea wautakao. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapa pana hesabu ya mitajo kamili: kila miguu iendayo upande mmoja ni kura. Na kwa ngoma kipimo hicho ni cha haki, kwa kuwa ngoma huchezwa ili itazamwe. Ngoma isiyotazamwa imekosa shabaha yake.

Walakini Wasukuma hawakuishia hapo. Walijua pia kwamba umati huvutwa kwa mengi. Viongozi wa ngoma walijulikana kwa dawa zao za kuvuta watu kama walivyojulikana kwa nyimbo zao, na kila upande ulikuwa na vituko vyake, mavazi yake na nyoka wake, ili macho ya watu yahame. Kwa hiyo aliyeshinda uwanjani aliitwa bingwa wa ngoma, na sifa yake ikakomea kwenye ngoma. Mtu mwenye mtoto aliyepatwa na wazimu hakumpeleka kwa mchezaji aliyevuta umati mkubwa kwa sababu ya umati ule. Alimpeleka kwa mfumu ambaye jirani yake alipata kumwona akimponya mgonjwa. Watu hao hao walikuwa na mizani mbili kwa mambo mawili, wala hawakuzichanganya.

Vyuo vikuu vimezichanganya. Na kama ilivyo uwanjani, palipo na shindano la umati hapakosi dawa ya kuuvuta. Yupo ajitajaye mwenyewe katika kila makala aandikayo. Wapo waliopatana kutajana. Yupo akatae matokeo ya uchunguzi mmoja vipande vitano ili apate makala tano. Yupo mkuu wa idara ambaye jina lake huandikwa juu ya kila kazi itokayo katika idara, hata ile ambayo hakuisoma. Hakuna haja ya kumtaja mtu kwa jina, maana mambo haya yamezoeleka kiasi cha kutoonewa haya. Wala si lazima watendao hivyo wawe watu wabaya. Mizani ikishatangazwa kwamba inapima umati, wenye akili watatafuta umati.

Iwapo bado msomaji ana shaka kwamba mitajo na ukweli ni vitu viwili, historia ya utabibu wa akili katika Afrika ya Mashariki inatosha kumwondolea. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, mjini Nairobi, ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers. Mwaka 1951 alichapisha makala iliyolinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika afya na katika maradhi. Na mwaka 1954 aliiandikia Serikali ya Kenya taarifa iliyoyafanya mapambano ya Mau Mau kuwa ni tatizo la nafsi, si la ardhi iliyoporwa. Alidai pia kwamba huzuni kuu ni maradhi ya nadra kwa Waafrika, akitegemea zaidi hesabu ya waliofikishwa hospitali. Kana kwamba mtu anyamazaye nyumbani kwake kwa huzuni, asipige mtu wala kuchoma nyumba, angepelekwa Mathari na polisi.

Maandishi hayo yalitajwa sana, na yangali yakitajwa. Frantz Fanon aliyataja katika kitabu chake cha 1961 ili kuyakanusha. Wanahistoria wanayataja ili kuonyesha namna elimu ilivyotumikishwa na ukoloni. Lakini faharasa haina sikio la kusikia sauti ya mtaji. Kwake Fanon ameongeza moja katika hesabu ya Carothers, na kila msomi aliyesimama kulisahihisha kosa lile ameongeza moja nyingine. Kwa mizani hii, uwongo uliowaudhi watu wengi waweza kumpandisha mwandishi wake juu kuliko ukweli uliokubaliwa kwa utulivu. Katika zama hizo hizo, huko Abeokuta, Nijeria, daktari T. A. Lambo alianzisha 1954 matibabu ya Aro, ambamo wagonjwa waliishi vijijini pamoja na jamaa zao na waganga wa jadi wakashirikishwa katika kuwatunza. Yaliyotendeka Aro yalipimwa kwa mgonjwa kurudi shambani kwake, na jambo hilo haliandikwi katika safu ya mitajo.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la haki. Mtajo, kwa asili yake, ni kukiri deni. Anayemtaja mwenzake husema: jambo hili nimelipata kwake. Lakini faharasa huandika madeni ya aina moja tu, yaani deni la mwenye makala kwa mwenye makala. Mwaka ule ule wa 1955 ambao Garfield alitoa pendekezo lake, R. E. S. Tanner, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni katika nchi ya Usukuma, alichapisha katika jarida la Africa makala juu ya histeria katika uganga wa Kisukuma. Hiyo ni kazi ya thamani, na wasomi wa maradhi ya akili na wa mila wanaitaja mpaka leo. Kila itajwapo, deni humwendea Tanner. Waganga waliokuwa wakitambua maradhi hayo, wakiyatofautisha na yale yaletwayo na masamva, yaani mizimu ya wazee, na wakayatibu kwa dawa, kwa ngoma na kwa maneno, hawana safu katika faharasa, wala hawawezi kuipata. Wao hawakuandika makala. Elimu ilikuwa yao na hesabu ikawa ya mwingine.

Bujora yenyewe ni ushahidi wa elimu isiyo na safu. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikusanya wazee na wajuzi wa mila, wakafanya kamati ya utafiti ya wenyeji iliyohifadhi nyimbo, vyombo, hadithi na desturi. Kutokana na juhudi hizo yakaanzishwa mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma na viti vya enzi vya watemi, na yenye nyumba ya mfumu pamoja na zana zake. Mwanafunzi wa utabibu atakaye kujua watu wa nchi hii waliuelewaje wazimu kabla ya hospitali ya Bugando kufunguliwa 1971 anaweza kuanzia katika nyumba hiyo. Hakuna mashine itakayoihesabu kuwa ni zao la utafiti. Kama wazee wale wangekuwa walimu wa chuo kikuu cha leo, kamati ya vyeo ingewauliza makala zao ziko wapi, nao wangebaki katika ngazi ya chini mpaka kustaafu.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya kale, na kwamba elimu ya sasa ina vipimo vya hakika. Basi yatazamwe ya sasa. Mwaka 2001 ilichapishwa Marekani makala juu ya maswali 9 ya kupimia huzuni kuu, yajulikanayo kwa jina la PHQ-9. Imetajwa mara makumi ya maelfu. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya, mtaalamu wa maradhi ya akili wa Muhimbili, pamoja na wenzake, walichapisha dodoso la maswali 19 lililoundwa kwa ajili ya Tanzania yenyewe, baada ya yeye na wenzake kuwa wamekwisha kulijaribu, katika makala ya 2002, dodoso jingine la kigeni kwa akina mama wajawazito. Mitajo ya dodoso la Tanzania ni kama tone kando ya ziwa ikilinganishwa na ile ya PHQ-9. Je, hiyo ndiyo tofauti ya ubora wao? Hapana. Ni tofauti ya ukubwa wa uwanja. Chombo kitumikacho katika Marekani nzima na Ulaya nzima lazima kitatajwa zaidi kuliko chombo kilichokatwa kwa kipimo cha watu wa nchi moja, hata kama kwa watu hao hiki cha pili ndicho kiwaeneacho.

Na katika maradhi ya akili, kuenea kwa maneno ndiyo nusu ya kazi. Daktari wa malaria ana kipande cha kioo na tone la damu. Daktari wa huzuni ana maneno ya mgonjwa. Kiswahili chenyewe hakijakubaliana juu ya jina la ugonjwa huo: wengine husema sonona, wengine unyogovu, wengine mfadhaiko, na mama wa kijijini asema ana mawazo mengi, au kwamba moyo wake umechoka, pengine kwa Kisukuma ambacho mwenye kumhoji hakifahamu. Anayekaa chini akayapambanua maneno hayo, akajua lipi ni ugonjwa na lipi ni msiba wa kawaida wa maisha, ametenda jambo ambalo bila yeye mashine yoyote ya kutambua huzuni kwa Kiswahili itakuwa inakisia. Kazi yake ni ya polepole, na matunda yake huenda yakawa orodha ya maneno iliyochapishwa kwa Kiswahili, katika jarida ambalo faharasa za ng'ambo hazilisomi. Kipimo chake cha h kitabaki pale pale.

Upande wa kompyuta nao una funzo lake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyojifanya daktari wa nafsi kwa kuyageuza maneno ya mwenye kuzungumza nayo kuwa maswali. Weizenbaum aliiunda kuonyesha jinsi mazungumzo ya mashine yalivyo ya juu juu; akafadhaika alipoona watu wakiifungulia mioyo yao. Mwaka 1976 aliandika kitabu kuonya kwamba ziko kazi ambazo haifai kukabidhiwa kompyuta, hata ikiweza kuziiga, kwa kuwa zahitaji huruma ya binadamu. Upande wa pili alikuwapo Kenneth Colby wa Stanford, daktari wa akili aliyeingia katika kompyuta, ambaye aliamini kwamba programu za namna hiyo zingeweza kuwatibu wagonjwa, na ambaye mwaka 1972 alikuwa na programu yake, PARRY, iliyoiga mgonjwa mwenye dhana za kuandamwa. Baina ya watu hawa wawili palikuwa na ugomvi wa kweli juu ya mgonjwa ni nini na daktari ni nani. Wote wametajwa sana. Anayesoma jumla za mitajo yao hatajua hata kwamba waligombana.

Madhara ya jambo hili hayaishi kwenye vyeo. Mizani hugeuza swali linaloulizwa. Mwaka 2013 Munmun De Choudhury na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti katika kampuni ya Microsoft, walionyesha kwamba maandishi ya watu katika mtandao wa Twitter yaweza kubashiri huzuni kuu. Kazi yao ilifanywa kwa uangalifu, na iliwahusu watu waliochunguzwa. Baada yake zikafuata kazi nyingi za mfano huo, na sababu moja ni wazi: maandishi ya Kiingereza ya mtandaoni yapo tayari, hayahitaji safari, wala mkalimani, wala kumngoja mama arudi kutoka shambani. Mwanachuoni kijana wa Mwanza, mwenye ujuzi wa kompyuta na hamu ya kuwasaidia wagonjwa wa akili, ana njia mbili mbele yake. Aweza kuchukua maandishi ya vijana wa Marekani, akatoa makala upesi, akatajwa na walimwengu. Au aweza kupanda kilima cha Bujora, akajifunza kusikiliza. Chuo chake, kwa mizani kilicho nayo, kinamlipa kwa njia ya kwanza. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mwanachuoni huyu achezaye kwao atarudi mikono mitupu.

Wala isisemwe kwamba kwao hakuna cha kuchunguza. Tangu 1994 wakazi wa Kisesa wamekuwa wakitembelewa nyumba kwa nyumba, raundi baada ya raundi, na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa wa Mwanza, kwanza kwa ajili ya UKIMWI na baadaye kwa mambo mengine ya afya. Wametoa damu yao, saa zao na siri zao. Makala nyingi zimetoka katika uvumilivu wao, na data zao zimeunganishwa na za nchi nyingine za Afrika katika kompyuta za watafiti. Kila makala huwashukuru wakazi kwa sentensi moja mwishoni, na sentensi ya shukrani haihesabiwi. Ni haki kuuliza kama mwenye kupandishwa cheo kwa makala hizo amewahi kurudi katika kitongoji kimojawapo kuwaeleza watu, kwa lugha waijuayo, alichokipata. Pengine amerudi. Lakini hakuna mahali katika ukurasa wa hesabu ambapo kurudi huko kungeandikwa, na kisichoandikwa huachwa na wenye shughuli nyingi.

Mtetezi wa hesabu anayo hoja, nayo yastahili kusikilizwa. Atasema kwamba kabla ya hesabu, vyeo vilitolewa kwa kujuana. Mkuu alimpandisha ampendaye, na aliyenyimwa hakuwa na pa kushtakia. Hesabu haina kabila, haina dini, haina shemeji. Mtoto wa mvuvi wa Magu aliyetajwa mara 500 anaweza kuiweka karatasi mezani na kudai haki yake. Tena atasema kwamba wasomi wa kamati hawawezi kusoma kila kitu, na mtu wa kompyuta hawezi kuhukumu kazi ya daktari.

Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, na mwenye kutaka kuiondoa hesabu asipoweka kitu imara mahali pake atakuwa ameufungulia mlango upendeleo. Lakini hesabu haikuuondoa upendeleo, imeuhamisha. Mitajo nayo hufuata kujuana: hutajwa aliyesoma na watu fulani, aliyealikwa katika mkutano fulani, aliyeandika kwa lugha fulani, aliyeshirikishwa katika mradi wenye waandishi 60. Mtoto wa mvuvi aliyebaki Mwanza akaandika kwa Kiswahili ana nafasi ndogo kuliko yule yule kama angehamia London. Tofauti ni kwamba zamani upendeleo ulikuwa na uso, na mtu aliweza kuulalamikia. Sasa umevaa tarakimu, na tarakimu hailalamikiwi. Ama kuhusu wasomi kushindwa kusoma, huko ni kukiri kwamba chuo kikuu kimeshindwa kazi yake ya kwanza. Hakimu asiyesoma shauri hawezi kujitetea kwamba ameyahesabu mafaili.

Lifanyike nini basi? Kwanza, kila aombaye cheo achague kazi zake tatu, zisizidi, nazo zisomwe zote na watu wa taaluma zinazohusika. Mwenye kusimama kati ya tiba na kompyuta asomwe na daktari mmoja na mtu wa kompyuta mmoja, na kila mmoja aandike kwa maneno yake, akitia sahihi, jambo gani limejulikana ambalo halikujulikana kabla. Pili, chombo kilichoundwa kwa lugha za nchi, kama vile dodoso, orodha ya maneno ya maradhi, au mkusanyo wa sauti uliopatikana kwa ridhaa, kihesabiwe kuwa ni kazi ya utafiti kwa ukamilifu wake, na kisitegemee kuzaa makala ya Kiingereza. Tatu, taarifa iliyorudishwa kwa waliochunguzwa, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, iwe sharti la kila mradi, na asiyeirudisha ahesabiwe kuwa kazi yake haijakwisha. Nne, wakalimani, wauguzi na waganga waliotoa maarifa watajwe kwa majina yao, iwapo wameridhia, ndani ya kazi yenyewe na si katika mkia wake. Tano, programu ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya wagonjwa iulizwe swali moja kabla ya kuulizwa imetajwa mara ngapi: je, yuko muuguzi katika zahanati yoyote anayeitumia?

Hesabu ya mitajo na irudishwe maktabani ilikozaliwa, imsaidie msomaji kujua nani alimjibu nani. Huko ni mtumishi mwema. Lakini mgonjwa wa akili wa Kisesa, ambaye jamaa zake wanashauriana usiku huu kama wampeleke kwa mfumu au Bugando, hana haja ya kujua kwamba daktari atakayempokea ana kipimo cha 40. Ana haja ya kuulizwa swali ambalo analielewa, na mtu atakayelielewa jibu lake. Chuo kikuu kisichoweza kumtambua mwalimu awezaye hilo, na kumpa cheo kwa sababu hiyo, kitakuwa kimewafundisha walimu wake wengine wote kuacha kujaribu.